Homa ya Kuazima

Jumatatu, 4 Mei 1992
Daktari Silvère amelitazama doa jeusi la kisiginoni mwangu kwa muda mrefu mno. Akasema huenda ni saratani ya ngozi, na kwamba atalikata Jumatano ya wiki ijayo, kisha kipande kisomwe chini ya hadubini. Nikamshukuru. Nikatoka na jarida moja la tiba kutoka chumba cha kusubiria. Nitalirudisha.

Jarida zuri sana! Kumbe kila seli ya mwili huonyesha juu ya ngozi yake vipande vya kile inachotengeneza ndani, kama mchuuzi wa maharage anavyoweka punje juu ya gunia ili mteja ajue kilichomo bila kulifungua. Askari weupe wa damu hupita wakikagua punje hizo. Wakikuta kipande cha virusi au cha saratani, huikumbatia seli ile, huitoboa na kuitia sumu inayoifanya ijivunje yenyewe kimyakimya. Jirani zake hawadhuriki. Askari huondoka kutafuta nyingine. Nimesoma mara tatu, machozi yakanilenga. Miaka yote hii wananifanyia kazi, nami sijawahi kuwaambia asante.

Mwishoni wameandika kwamba daktari mmoja wa zamani aliona uvimbe wa wagonjwa kadhaa ukinywea baada ya homa kali. Basi! Askari wangu wamelala tu. Nikipata homa wataamka, watapita kisiginoni, na Silvère ataweka kisu chake kabatini.

Jirani yangu Gatera, fundi redio, ana mafua makali. Riziki haina mwenyewe.

Jumatano, 6 Mei
Nimekwenda kwa Gatera na uso wa huruma. Aliponiona nachechemea akaniuliza kama kuku wa kwetu Uvira, ng'ambo ya mpaka, wote hutembea hivyo, au ni wale waliokanyaga kaa la moto tu. Nimevumilia. Sayansi ina gharama zake.

Nilitegemea desturi ya hapa: pombe ya ndizi hunywewa kwa mrija mmoja, na mwenyeji huonja kwanza ili mgeni aone haina sumu. Gatera angeonja na mafua yake, kisha mrija ungekuja kwangu. Hesabu safi!

Lakini Gatera akasema hawezi kumpa mwalimu mzima kama mimi mrija wenye makamasi. Akamwita mkewe, Kankindi, aonje badala yake. Kankindi hajaugua tangu nimfahamu. Nimekunywa afya tupu.

Ijumaa, 8 Mei
Nimemwalika Gatera kwangu. Kibuyu kizima cha pombe kutoka mtaa wa Nyamirambo, kali. Amefurahi hadi akakohoa. Moyo wangu ukaruka.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mwenyeji ni mimi. Ilinibidi nionje kwanza! Nikaonja, nikampa, nikanyoosha mkono nirudishiwe. Mke wangu Mwavita akatokea jikoni na mrija mpya, akaniwekea mkononi, akasema wazee hawashiriki mate na wagonjwa. Gatera akamsifu kwa busara yake, akamaliza kibuyu peke yake.

Jumapili, 10 Mei
Gatera amepona. Anasema ni pombe yangu. Sina la kuongeza.

Kanisani nimehama benchi nikakaa kati ya watoto wawili waliokuwa wakipiga chafya tangu Injili. Wakati wa kupeana amani niliwakumbatia wote wawili. Mama yao akasema mimi ni mtu wa Mungu.

Jumanne, 12 Mei
Homa! Meno yanagongana. Asante Mungu, asante watoto. Nimepima doa kwa uzi asubuhi na jioni. Lilelile. Askari wako njiani, bila shaka.

Jumatano, 13 Mei
Silvère ameweka mkono kwenye paji langu la uso, akaniuliza nimelipata wapi joto hili. Nikaeleza, nikarudisha na lile jarida. Hakucheka. Akasema hatakata mtu mwenye homa, nirudi wiki ijayo. Akasema pia kwamba kila askari hufundishwa adui wake: anayejua kutafuta mafua hapiti akitafuta saratani. Na kwamba doa kama hili halipaswi kusubiri.

Halipaswi kusubiri. Maneno hayo yalinisindikiza mpaka nyumbani.

Nimemweleza Mwavita kila kitu. Aliendelea kuchambua mchele. Hatimaye akasema: “Mzee, ukifa kwa ujanja huu, nitawaambia watu ulikufa kwa malaria, tupate kuheshimika.” Kisha akalia. Tulivuka mpaka pamoja kutoka Uvira mwaka 1964, na hata siku ile hakulia.

Jumatano, 20 Mei
Limekatwa! Kisu ni kitu kidogo kuliko kukiwaza. Gatera amenirudisha kwenye mkokoteni wake wa redio, akiwatangazia watu njia nzima kwamba anauza mwalimu aliyetumika, betri hazimo. Kankindi ameleta supu. Nilifika mji huu bila ndugu. Leo nimesukumwa mpaka mlangoni.

Ijumaa, 29 Mei
Majibu. Mwavita alinishika mkono, nadhani asikimbie yeye.

Ilikuwa saratani. Imetoka yote, kingo ni safi. Silvère akasema jambo jingine: chini ya hadubini, seli mbaya zilikuwa zimezingirwa na askari weupe wengi, na baadhi tayari zilikuwa zimekufa. Walikuwa kazini kitambo, akasema, bila kuambiwa na mtu. Wasingemaliza peke yao, lakini walishika zamu mpaka kisu kilipofika. Homa yangu haikuwasaidia kitu, iliwachelewesha tu wenzao wenye kisu.

Nimeshukuru mpaka sauti ikakatika. Nimemshukuru Silvère, Mwavita, Gatera, mji huu, na wale wasio na majina waliopigana chini ya soksi yangu nami nikiwaita wavivu.

Nimewaza jambo hili mchana kutwa. Silvère ni daktari mzuri, ila ni kijana. Kama askari wangu walifanya hayo yote bila mazoezi, je, wakipata mazoezi?

Nasikia kule Rebero kuna karani mwenye matumbwitumbwi, yale ya kuvimba mashavu. Sijawahi kuugua hayo. Nimemwambia Mwavita kwamba kesho nakwenda kumpa pole.