Seva niliyoikimbiza mpaka Ndosho

Leo nimeaibika mbele ya chuo kizima. Heri niwaambie mwenyewe kabla hamujasikia kwa wengine.

Mimi ni asistani wa labo ya kompyuta pale chuoni, mutaa wa Murara. Ninachunga mashini, anteni za wifi, na seva moja. Wanafunzi wanasema kazi zao ziko "kwenye wingu". Wingu lenyewe ni kisanduku cheusi, kizito kama mbuzi, chini ya meza yangu. Seva ya kwanza iliibwa wakati wa vita. Mwaka volkano ya hapa kwetu ilipotoka, tulikimbia mikono mitupu, ya pili tukaiacha. Kwa hiyo niliapa: hii ya sasa haibaki nyuma.

Asubuhi wanafunzi sitini walikuwa wanafanya mutihani kwa wifi, kwenye seva hiyo, katika chumba cha pembeni. Profesa wao, Mama Riziki, alikuwa anazunguka kati ya meza. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Sakafu ikaanza kutetemeka. Vioo vya dirisha vikalia. Kikombe kikatembea juu ya meza (naapa, kilitembea chenyewe). Nikajua ni volkano.

Sikufikiri. Nikang'oa nyaya zote, nikabeba seva kifuani, nikatoka mbio. Barabarani nikasimamisha motari na pikipiki yake.

"Papa, tunaenda wapi?"

"Sake. Usiulize, endesha."

Tulipofika Ndosho, pembeni ya muji, ndipo nikaona jambo: hakuna mutu anayekimbia. Mama mumoja alikuwa anachoma mahindi yake, polepole. Simu ikalia. Mama Riziki.

"Asistani, wifi imekatika. Uko wapi?"

"Niko Ndosho, Mama. Volkano imetoka."

"Volkano gani? Papa Deo, fundi wetu, anajaribisha jenereta mupya nyuma ya ukuta wako. Na mutihani iko wapi?"

"Niko nayo hapa. Kwenye magoti."

Motari akazima pikipiki ili acheke vizuri.

Nikarudi. Wanafunzi wote walikuwa uwanjani wananingoja. Nikapita katikati yao na seva yangu, kama mutu anayerudisha kuku wa wizi. Hapo Mama Riziki akaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa:

"Kwa hiyo uliona volkano inakuja, ukaokoa mutihani, na batoto sitini ukabaacha ndani?"

Ni kweli. Hata mulango sikuwagongea.

Majibu yao hayakupotea, lakini kule uwanjani walikuwa wameshaelezana maswali yote. Mutihani umefutwa, watafanya mupya wiki ijayo. Waliokuwa wanafaulu hawanisalimii. Waliokuwa wamekwama kwenye swali la pili wameniletea soda baridi, wakaniita papa yao.

Soda nimekunywa. Ila mukikutana nami sokoni Birere, nawaomba kwa heshima, hakuna kuniuliza volkano imeamukaje leo.