Moshi wa Kukodi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Jiko jipya limewaka leo. Moto wa buluu, mdogo, umetulia kama mtoto aliyeshiba. Hakuna moshi. Aciro wangu, miaka miwili, amecheza jikoni asubuhi nzima bila kukohoa hata mara moja. Nililia kidogo. Nikasingizia vitunguu.

Gesi inatoka kwenye tangi tulilochimbia nyuma ya hoteli yetu, hapa chini ya kilima cha Mbuya. Tunalilisha kinyesi cha ng'ombe na maganda ya matoke. Nusu ya gharama imetoka kwa watu wa mfuko wa majiko safi. Nusu ya pili, ya kumlipa fundi, wataileta Ijumaa, Jasper wao akishakagua. Akiona moshi, tunarudisha ile nusu ya kwanza au wanabeba dhamana.

Dhamana ni cherehani ya mama mkwe. Yeye bado hajui. Nasubiri siku ya furaha nimwambie. Nimeolewa miaka minne, bado nasubiri.

Jumanne, 9 Septemba

Wateja sita. Kawaida ni arobaini. Sufuria ya maharagwe imebaki karibu nzima. Ng'ambo ya barabara, Nabangala, mpinzani wangu wa hoteli, na kuni zake mbichi amejaza mpaka watu wanakula wamesimama. Alinipungia mwiko. Sikumpungia.

Bonny, mume wangu, ni polisi, anaongea kama kila neno linakatwa kwenye mshahara. Alisema labda watu hawana hela. Nikamuuliza mbona za Nabangala wanazo. Akavaa buti akaenda kazini.

Jumatano, 10 Septemba

Wanne.

Saa nane akaja Koplo Oola, mteja wetu wa kila siku kutoka kambi ya jeshi juu kilimani, na wenzake wawili. Kofia mkononi. Akatoa bahasha, akasema pole sana mama Aciro, tumechelewa kusikia. Nikauliza kusikia nini. Akasema, kwani aliyefariki ni nani?

Kumbe wao wakiwa kule juu huangalia chini. Wakiona moshi wetu wanajua posho, yaani ugali, inaiva, wanashuka. Siku tatu hawajaona moshi. Jiko lisilotoa moshi siku tatu lina msiba, nani asiyejua? Wakachanga rambirambi.

Nikampeleka jikoni. Akainama, akautazama moto, akasema huu ni moto wa hospitali. Nikamwomba awaambie wenzake kwamba tunapika. Akasema zamu zinabadilika, yeye si redio. Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua maharagwe. Akasema basi gongeni kitu, watu wasikie. Mimi nilikuwa nimeshapata akili yangu.

Bahasha nilirudisha. Baada ya kuipima uzito kidogo mkononi.

Alhamisi, 11 Septemba

Akili yenyewe ni hii. Mfuko unakataza moshi jikoni kwangu. Kwa jirani haukusema kitu. Nyuma ya ukuta wetu kuna gereji ya Sulaimani. Tumepatana: kila siku saa tano na nusu anawasha pipa la majani mabichi karibu na ukuta. Malipo, sahani moja, nyama juu. Akaniuliza kwa nini nanunua kitu nilichotumia hela kukiondoa. Nikamwambia hii ni biashara, hawezi kuelewa.

Wateja hamsini na mbili! Posho ikaisha kabla ya saa nane. Nabangala akatoka nje, mikono kiunoni. Nikampungia mwiko.

Jioni Aciro alikohoa. Nikasema ni vumbi. Mama mkwe akambeba, akampeleka barazani, mbali na ukuta.

Ijumaa, 12 Septemba

Jasper aliahidi saa tatu. Nilihesabu: saa nne atakuwa ameondoka, saa tano na nusu Sulaimani anawasha kama kawaida. Hesabu safi kabisa.

Jasper akafika saa tano na dakika ishirini. Eti boda ilipata pancha.

Akausifu moto wa buluu. Akaupiga picha. Ndipo wingu likapanda ukutani, likaingia jikoni, likatukalia kichwani. Nikasema jamani, majirani wengine hawana ustaarabu. Jasper akachungulia ng'ambo ya ukuta. Sulaimani ni mtu mwaminifu sana, ndiyo maana hafai. Akapaza sauti: mama Aciro, huu unatosha au niongeze?

Jasper aliandika muda mrefu. Kisha akasema anaomba kuona dhamana.

Dhamana ilikuwa barazani. Mama mkwe alikuwa amekaa nayo, anamshonea Aciro gauni.

Jasper alipoitaja dhamana mbele yake, mama mkwe alianza kwa Kilango, lugha ya kwao, akaendelea kwa Kiswahili, mwisho kwa kidole. Aliuliza nilipanga kumtoa lini kwenye kiti, kabla ya cherehani kubebwa au pamoja nayo. Aciro alipokohoa tena, mama mkwe akainuka. Akaenda kwa Sulaimani, akamwaga ndoo ya maji kwenye pipa. Akarudi na rimu kuukuu ya gari na spana. Akaitundika mlangoni, akaigonga kama kengele ya shule.

Dakika kumi, Koplo Oola alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mama mkwe akasema, Jumatano si niliwaambia mgonge kitu? Jasper akala sahani mbili, akasema atarudi wiki ijayo bila kutaja saa. Akiona moshi, hata wa sigara, cherehani inaondoka.

Ijumaa, 19 Septemba

Jasper amekuja, hakuona moshi. Nusu ya pili imeingia, fundi kalipwa, cherehani iko huru. Mama mkwe aliniweka mbele ya Biblia na Bonny, nikaapa sitaiweka tena dhamana. Bonny akasema amina. Neno lake la siku.

Jumapili, 21 Septemba

Aciro hajakohoa wiki nzima. Anaigonga rimu na kijiko, anaita watu wasiokuwepo. Nikimwona hivyo moyo unatulia. Naweza kusema nimejifunza.

Ila Nabangala naye ametundika rimu. Kubwa, ya lori. Anaigonga robo saa kabla yetu, na watu wanamfuata kama kondoo.

Nakawa kuna mtu anauza king'ora cha sola, kinakaa juu ya paa, kinasikika mpaka Kyebando. Anakubali kulipwa polepole kukiwa na dhamana. Mama mkwe anasafiri kesho kwenda Lira, wiki mbili. Ana kitanda cha mvule, kizito, kizuri sana.

Kuhusu kitanda sikuapa.