Kuhusu RNA Isiyopika

Kwa Mheshimiwa Daktari Rawya,
Maabara ya Jeni, Al Khoudh.

Mtoto wa kaka yangu,

Ama baada ya salamu, mimi shangazi yako Balqees, mpishi wa arusi za ukoo huu, naandika kukataa kukupa damu yangu ya kupima maabarani. Umeiomba kwa ajili ya mjukuu wangu Ghadeer, mgonjwa wa sikoseli, na hakuna nisichoweza kumpa mtoto yule. Lakini maelezo yako yamenitia kichefuchefu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema mwilini mna RNA, nakala za jeni, zinazopeleka maagizo ya kutengeneza protini, na nyingine chungu nzima zisizotengeneza protini yoyote. Nikadhani utaziombea radhi. Kumbe ndizo zilizokupa udaktari!

2. Ukasema nyingi kazi yake ni kuamuru tu: jeni hii inyamaze, ile ipunguze kasi. Mtu wa namna hiyo namjua. Kila arusi mama yako, wifi yangu Bashayer, huwekewa kiti kando ya sufuria yangu ya pilau. Hamenyi kitunguu, haoshi mchele. Hukaa na bangili zake akaamuru moto upunguzwe, mfuniko ufunuliwe. Kisha wageni humsifu yeye! Wahenga walimsifu mgaagaa na upwa. Mkaa kitini hawakumtaja.

3. Ukadai Ghadeer na kaka yake Ghaith wamerithi ugonjwa ule ule, ila Ghaith anacheza mpira na Ghadeer halali kwa maumivu. Eti huenda ni hao wakaa kitini: kwa Ghaith wameiacha wazi jeni ya ile damu ambayo kila mtu huwa nayo akiwa tumboni mwa mama, inayomkinga, kwa Ghadeer wameifunga. Yaani uvivu wao sasa unaumiza watoto!

4. Kwa hiyo nadai wafukuzwe mwilini wote, wabaki wanaofanya kazi, na vitabu vya chuo vifutwe majina yao. Mfano nimeutoa mimi: kwa arusi ya kijana wetu Bader, Alhamisi hii, kile kiti nimekitoa jikoni.

Nangoja jibu lako kwa heshima zote unazostahili, na nyingine kidogo kwa ajili ya marehemu baba yako. Nisalimie wote maabarani, yaani wale wanaofanya kazi. Mama yako msalimie kwa ufupi.

Mimi mwenye mkono usiotobolewa,
Shangazi Balqees,
Matrah.

Tanbihi: Barua hii ilibaki mkobani mwangu mpaka arusi ikapita. Pilau iliungua chini, juu mchele mbichi. Mikono ilikuwa mingi, na hapana hata mmoja aliyejua wakati wa kupunguza moto, mimi nikiwemo. Asubuhi yake Ghadeer alishikwa na maumivu ya mifupa, akalazwa tena. Naandika haya kwa shida, maana ameushika mkono huu huu niliokunyima na hataki kuuachia. Njoo na sindano, mwanangu, uchukue damu utakayo. Na mama yako mwambie kiti chake nimekirudisha mahali pake.