Gurudumu la Kutoguswa

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi ametuita kaunta baada ya kufunga duka. Magoti ya Mzee wa Chini yamekataa ngazi. Huyu ndiye mtunzaji wa chumba cha kukomazia jibini, kule chini ya duka, na sasa anastaafu. Ufunguo wake utakuja kwangu au utakwenda kwa Bi Taratibu, mwenzangu wa kaunta. Bi Taratibu! Mtu anayefunga kipande cha jibini kana kwamba anamvalisha bibi harusi.

Kila mmoja amekabidhiwa gurudumu lake. Ndivyo tunavyoiita jibini nzima ya mviringo. Maziwa yaleyale, umri uleule. Kila asubuhi ligeuzwe, lipanguswe kwa maji ya chumvi, liachwe. Jumamosi ya wiki ijayo yatakatwa mbele ya majirani, na ndimi zao zitaamua.

Shangazi akaongeza, tena mbele ya watu, kwamba nimeshatoka kwenye uchapaji, gereji na saluni, na kwamba huu ndio mlango wa mwisho. Nikishindwa kutulia naenda kwa shemeji kufua mazulia. Shemeji huimba akifua. Lazima nishinde.

Jumanne, 4 Machi

Nimegeuza. Nimepangusa. Nimemaliza kabla Bi Taratibu hajafunga aproni. Sasa? Hakuna! Kazi imekwisha na siku bado mbichi.

Nimeshuka kuliangalia. Halikuwa na habari. Nimeshuka tena. Vilevile. Bi Taratibu akasema mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Jibu lake bado liko njiani.

Mchana nimekula kwa muuza supu, pale kona. Supu yake ya dengu leo ilikuwa na limau na pilipili manga, nikaomba nyingine. Akaniuliza gurudumu langu linaendeleaje. Sijui! Mtunzaji gani asiyejua hali ya jibini yake? Nimerudi dukani nimenyong'onyea.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa ipo, ni bambo. Ni chuma chenye mfereji, kama kile cha kuchomea magunia ya nafaka. Unachoma, unazungusha, kinatoka na kipande chembamba cha ndani. Sheria ya Mzee wa Chini ni kwamba gurudumu huchomwa mara moja tu maishani mwake, siku linapodhaniwa limeiva. Unaonja ncha, unarudisha kilichobaki, unaziba tundu.

Mara moja. Basi hiyo mara nimeitumia leo. Sheria haijavunjwa.

Ladha ni chokaa. Nimelihamishia rafu ya karibu na mlango, kwenye joto kidogo, lijitahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechoma upande wa pili. Tundu moja ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi. Upande wa pili ni mtamu! Ulaini, chumvi kwa mbali, harufu ya njugu zilizokaangwa. Ina maana lile la jana lilikuwa tundu baya tu.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Majirani ndio waamuzi, si ndio? Basi waamuzi wazoezwe. Nimempelekea Mama Mikate, mwokaji wa jirani, kipande, akakiweka juu ya mkate uliotoka ovenini papo hapo, kikayeyuka hadi kwenye vidole vyake. Amefumba macho. Muuza supu amekitumbukiza bakulini na kuapa kwamba hajawahi kuonja kitu kama hicho. Mkaanga chipsi ameomba kingine, na kingine. Mtaa huu unajua kula! Nimewaambia wote kwamba hiyo ndiyo ladha ya kuchagua. Wote wamekubali, na wote wameuliza kesho naja saa ngapi.

Jumatatu, 10 Machi

Kampeni inakwenda vizuri mno. Tatizo ni dogo tu. Vipande vya kurudishia tundu havipo, wapiga kura wamevila. Nimeziba kwa siagi niliyokanda na maganda ya jibini. Kwa mbali huoni kitu. Kwa karibu, usije karibu.

Bi Taratibu amekuja karibu. Akatazama kwa muda wake, yaani muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama humu chini kuna panya. Nikasema wapo, tena wakubwa!

Shangazi amenunua mitego.

Jumatano, 12 Machi

Mtego umeninasa kidole. Nilikuwa nalipapasa gurudumu langu kwenye giza, kulifariji tu. Dukani nimesema nimebanwa na kreti. Mzee wa Chini, aliyekaa juu akinywa kahawa, amesema kwamba katika miaka yake yote hajaona panya anayetoboa matundu ya duara. Nikamwambia panya wa siku hizi wamesoma.

Halafu nimefanya jambo. Nimechoma gurudumu la Bi Taratibu. Kulinganisha tu! Nikaonja.

Nimekaa kwenye ngazi. Ilikuwa tamu hivi kwamba nilimwonea wivu, na nikaona aibu, vyote kwa pamoja, kinywa kikiwa bado kimejaa. Nimeziba tundu lake vizuri kuliko nilivyowahi kuziba langu.

Jumamosi, 15 Machi

Mungu wangu.

Watu walijaa hadi barazani. Kulikuwa na mikate ya Mama Mikate, supu, chipsi, zeituni, watoto mabegani mwa baba zao. Shangazi alivaa kilemba kipya. Lilianza gurudumu la Bi Taratibu, likakatika kwa kisu bila kelele. Mzee wa Chini akaona lile tundu moja ubavuni, akauliza nani kalichoma. Nilijiona nimeshafika kwenye mazulia. Bi Taratibu akanitazama, kisha akasema ni yeye, alitaka kuhakikisha.

Kumbe naye! Ananisuta bure na methali yake ya mvumilivu.

Likaja langu. Shangazi akagusa tu kwa kisu, likaporomoka. Ndani ni matundu kama njia za mchwa, ukungu wa kijani kila mahali, siagi imeoza. Harufu ilimfukuza mtoto mmoja mpaka barabarani. Kipande kimoja kikaviringika hadi kwenye kiatu cha muuza supu.

Bado nilikuwa na wapiga kura wangu! Nikawakonyeza. Shangazi akauliza nani anachagua nini. Mama Mikate akasema kwa sauti yake ya sokoni kwamba yeye anachagua lile la wiki iliyopita. Lipi hilo, akauliza shangazi. Lile ambalo kijana wako alikuwa anatuletea kila siku, akajibu. Muuza supu akaunga mkono. Mkaanga chipsi akalalamika kwamba jana hakuletewa.

Shangazi alinitazama. Akafuta kisu, pande zote mbili, polepole. Akampa Bi Taratibu ufunguo.

Jumapili, 16 Machi

Shangazi amekuja chumbani kwangu na chai. Afadhali angenigombeza. Amesema siku aliponiajiri kaka zake walimcheka, akawaambia mtoto huyu atatulia, mnipe muda tu. Leo wamempigia simu kumuuliza habari za jibini. Chai ikapoa, na hakuna aliyeinywa.

Nimelia kidogo alipoondoka. Nimeapa kubadilika. Mazulia ni Jumanne.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeokoka! Mama Mikate amekuja kuniombea. Kwanza, anasema ameniponza kwa mdomo wake na dhamiri inamsumbua. Pili, msaidizi wake ameolewa na kuhama. Mkate wa moto hausubiri, anahitaji mtu mwenye miguu isiyotulia. Shangazi alifikiri sana. Mwishowe akasema sawa, ila safari hii akisikia neno moja tu, shemeji atakuja kunichukua mwenyewe. Akanishika bega. Sikuweza kumtazama.

Sasa nimekuwa mtu mwingine. Subira ni jina langu.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kwanza. Nimegawa mikate mtaa mzima kabla haijapoa. Sifa tupu!

Baadaye Mama Mikate ameweka ovenini keki ya kumuagia Mzee wa Chini, kazi kubwa, shangazi mwenyewe ameiagiza. Akaniambia anakwenda kununua mayai, na nisiguse mlango wa oveni mpaka arudi. Nimeketi. Nimekunja mikono. Mlango una kioo, lakini kuona si kujua.

Nimefungua kidogo tu. Ilikuwa imeumuka, imejaa, inapendeza! Nimefunga kwa furaha. Nikafungua tena kuhakikisha bado inapendeza. Nikafungua mara nyingine kwa sababu mara ya pili sikuwa nimeangalia vizuri upande wa nyuma.

Sasa imebonyea katikati. Nasikia viatu vya Mama Mikate nje, na sauti ya shangazi akicheka naye.

Lakini kosa nimeliona, na nimejifunza. Nilichelewa kufungua. Kesho nitaanza mapema.