Viatu Namba Arobaini na Tano

Jumatatu, tarehe 5 Machi 1984

Tangazo asubuhi, baada ya kupandisha bendera. Mwalimu Mbaraka wa michezo anatafuta mkimbiaji mmoja wa kwenda Bukavu mwezi wa tano, kwenye sikukuu ya Chama. Mmoja tu. Kwa ndege. Majaribio Jumamosi tarehe 17, tukishamaliza salongo, yaani kufyeka majani ya serikali bila malipo kama kila Jumamosi.

Darasa zima likageuka kumtazama Onema. Onema anakimbia kama mbuzi aliyeona kisu. Hajavaa viatu tangu komunyo ya kwanza.

Mimi sikimbii. Najua. Lakini Bukavu kuna maktaba ya mapadri, vitabu elfu ishirini. Parokia yetu ya Kindu ina arobaini na kimoja. Nimevisoma vyote, kile cha ufugaji wa nyuki mara tatu. Mkimbiaji atakaa Bukavu siku nne. Kitabu kimoja kwa saa tatu, bila kulala: vitabu thelathini na viwili. Thelathini na kimoja nikitoa muda wa mbio.

Lazima niende. Sijui kwa njia gani. Nimelala kitandani nikatazama dari mpaka Mama akauliza kama nina homa.

Jumanne, tarehe 6 Machi

Njia imepatikana. Imekuja na gari moshi.

Baba mdogo Florentin, anayekagua tikiti kwenye gari moshi la Lubumbashi, ameniletea viatu vya kukimbilia. Mbelgiji mmoja alivisahau katika behewa la daraja la kwanza. Vimekaa kituoni miezi mitatu, hakuna aliyeviulizia. Soli nene kama vidole vitatu na laini kama mkate. Namba 45. Mimi ninavaa 41.

Ndani ya kiatu kimoja mlikuwa na ukurasa wa jarida, umekunjwa: namna ya kupima kiatu chenye soli laini, kwa ajili ya mbio za polepole za kila siku. Nimeusoma mara nne. Hatimaye mchezo wenye kitu cha kusoma.

Mpango: siku kumi za kupima kisayansi, daftari la ripoti, maksi kati ya kumi. Onema hajui hata uzito wa nyayo zake. Nilimweleza dada yangu Bernadette. Akasema, "Kiatu hakina mapafu, Kankolongo."

Ukurasa unasema mguu usitembee ndani ya kiatu. Wangu unatembea, unageuka na kurudi. Nimejaza magazeti ya Baba, yanayomfikia kutoka Kinshasa yakiwa yamechelewa mwezi mzima. Kurasa za ndani zina hadithi na mafumbo ya maneno, na sitaki kuharibu maandishi. Nimechukua kurasa za kwanza. Hizo zinafanana kila siku: picha kubwa ya Kiongozi akipanda ndege, au akishuka. Hakuna atakayezitafuta. Kurasa nane kila kiatu, zimekunjwa vizuri.

Alhamisi, tarehe 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Mama alitoka kuandamana na kikwembe chake kipya cha Chama, kitenge cha kijani, chenye sura ya Kiongozi ndani ya mviringo. Moja tumboni, mbili nyuma mahali anapokalia. Bernadette alicheka. Baba alimwambia anyamaze na akafunga dirisha.

Nyumba ikawa tupu. Nikapima soli. Ukurasa unasema kisigino kinapaswa kumeza kishindo, na mitambo ya kupimia iko Ulaya. Mimi nina yai. Nililiangusha kisiginoni kutoka juu ya kiti: zima. Kutoka juu ya meza: zima. Moyo wangu ulijaa. Nikapanda juu ya paa la jiko.

Kiatu hakikukosea. Aliyekosea ni mimi, kwa kiasi cha mkono mmoja. Yai lilikuwa la chakula cha Baba.

Ripoti: kumeza kishindo, 10. Chakula cha jioni, hakuna.

Ijumaa, tarehe 9 Machi

Mbio ya kwanza, alfajiri, barabara ya kambi ya reli. Ukurasa unaagiza mwendo unaokuwezesha kuongea na mwenzako bila kuhema. Sina mwenzangu. Sijaweza kuongea na mtu hata nikiwa nimesimama. Kwa hiyo nilitaja mikoa ya Zaire na miji yake mikuu, kwa sauti. Kufika Équateur pumzi ziliisha. Mama mmoja alimvuta mtoto wake upande wa pili wa barabara na kufanya ishara ya msalaba.

Karibu na bomba Bernadette alinipita. Alikuwa anatembea. Alikuwa na beseni la maji kichwani. Hakugeuza shingo, maji yasimwagike. Aliuliza tu, "Weye, unakimbia ao unatafuta kitu ulipoteza?"

Ripoti: starehe, 9. Mwendo haukupimwa kwa kuwa haukuonekana.

Jumapili, tarehe 11 Machi

Mvua usiku kucha. Nilikimbia baada ya misa. Nimegundua kwamba soli hii inakunywa. Kila hatua ilitoa sauti ya chura. Nilipita sokoni, mama anayeuza samaki wa Lokandu akaniazima mizani yake. Kiatu kimoja, kilo moja na nusu. Akauliza vinatoka upande gani wa mto na kama vinafaa kukaushwa.

Nilivikausha juu ya makaa. Kisigino cha kushoto kimeyeyuka kidogo. Sasa nikikimbia moja kwa moja ninafika kushoto.

Nimekaa nyuma ya nyumba na sikutaka kuona mtu. Ripoti: mvua, 2.

Jumatano, tarehe 14 Machi

Mpango wa pili, wa kumdhoofisha Onema. Akivitamani viatu atajiona maskini, miguu yake itaingiwa na mashaka. Niliviweka juu ya dawati langu makusudi na kuanza kusoma ripoti kwa sauti ya kusikika. Haikusikika. Nilirudia.

Onema alikuja. Alibonyeza soli kwa kidole gumba, muda mrefu, kwa heshima kama mtu anayebonyeza papai la mwenzake. "Iko laini kabisa," alisema. "Sasa miguu yako inajua je kama umefika chini?"

Swali hilo halimo kwenye ukurasa. Halafu akasema nije jioni nikimbie nao, peku, polepole, atanifundisha kupumua. Alikuwa anasema kweli, hiyo ndiyo mbaya. Nilijibu kwamba nina kazi ya sayansi.

Usiku nimelifikiria swali lake.

Jumamosi, tarehe 17 Machi

Sijui kama niandike. Naandika.

Mizunguko minne kuzunguka uwanja wa shule. Katibu wa vijana wa Chama alikaa kivulini karibu na mlingoti wa bendera, mikono juu ya fimbo. Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa mwisho, lakini si kwa mbali. Wa pili, kwa mbali. Wa tatu, kwenye kona ya mlingoti, tope lilishika kiatu cha kulia. Mimi niliendelea. Kiatu kilibaki. Magazeti yakatoka.

Kurasa nane. Zililala juu ya majani moja moja mbele ya Katibu. Sura nane za Kiongozi, zimelowa, zimebanwa kama samaki mkavu, na alama za vidole vyangu vitano juu ya kila paji la uso.

Katibu alisimama, akavua kofia, akaivaa tena. Aliniuliza taratibu nimemkanyaga Kiongozi kwa muda gani. Mimi ni mkweli. Nilisema siku kumi na moja, polepole, kila siku.

Mwalimu Mbaraka alifika mbio. Sijawahi kumwona akikimbia vizuri vile. Alimwambia Katibu kwa heshima, "Citoyen, huyu mtoto anamupenda Kiongozi kupita kiasi. Alitaka amusindikize mpaka Bukavu." Katibu alifikiri. Ni vigumu kukataa neno kama hilo mbele ya watu. Alikuwa anaanza kukubali kwa kichwa.

Nilisahihisha. Nilisema hapana, ilikuwa kwa ajili ya nafasi ya vidole, na nikataja namba ya kiatu.

Nimeambiwa baadaye kwamba wakati huo Mwalimu alikuwa ananikanyaga mguu wa kushoto kwa nguvu zake zote ili ninyamaze. Sikusikia kitu. Ni kile kiatu kilichokuwa bado na kurasa zake nane. Ripoti: kumeza kishindo, 10, imethibitishwa.

Onema alimaliza wa kwanza. Alikuwa mbele mno, hakuona chochote. Alifika mwisho akauliza mbona hakuna anayepiga makofi.

Jumapili, tarehe 18 Machi

Baba aliitwa ofisini kwa Katibu. Alivaa abakosti, koti lake la kazi, vifungo vyote mpaka shingoni, na Mama alimpangusia bega mara tatu pasipo na vumbi. Alikaa huko toka asubuhi mpaka saa tisa. Mama hakupika. Bernadette hakutania.

Aliporudi hakunipiga. Ningependa anipige. Alikaa, akaomba maji. Alisema wamemuuliza kama nyumbani kwake magazeti yanasomwa au yanakanyagwa. Alijibu kwamba mwanawe anasoma kila kitu ila dunia.

Adhabu yangu ni siku tatu za kung'oa majani kuzunguka mlingoti. Magazeti yaliyobaki, Baba hajui ayafanye nini. Hayawezi kuchomwa. Hayawezi kutupwa. Hayawezi kufungia karanga. Ameyafungia ndani ya sanduku la Mama na kuvaa ufunguo shingoni.

Bukavu imekwisha. Vitabu elfu ishirini, na mimi nina kile cha nyuki.

Jumanne, tarehe 20 Machi

Siku ya pili ya majani. Onema alikuja kunisaidia bila kuitwa. Alisema wawili wanamaliza kabla ya jua kali. Tulifanya kazi bila kusema, na haikuwa vibaya. Karibu tulikuwa tunaongea.

Halafu akakanyaga kipande cha chupa, ndani ya majani yangu. Kirefu kama kidole. Alikitoa mwenyewe. Alisema si kitu, akakaa chini, akabadilika rangi. Nilimpeleka dispensari ya masista, nikimshika kiunoni. Mguu umefungwa kama mtoto mchanga. Mshipa umekatika, hatakimbia mpaka mwezi wa sita.

Ni kwa sababu yangu. Niliomba anisamehe. Akacheka, akasema sasa miguu yake nayo imejua kama imefika chini.

Alhamisi, tarehe 22 Machi

Majaribio mapya keshokutwa, mbele ya Komiseri wa Zone, mkuu wa wilaya mwenyewe. Wawili wana homa, Onema ana bendeji. Tunabaki wawili: mimi na mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza mwenye kikohozi.

Mwalimu Mbaraka hakutaka. Lakini maneno yake mwenyewe yamemfunga. Katibu hataki Komiseri akute uwanja mtupu, kwa hiyo amesema mtoto mwenye mapenzi kama yale kwa Kiongozi hawezi kuzuiwa. Mwalimu aliniita pembeni, akanishika mabega yote mawili, na kunisihi nikimbie peku. Onema naye ameniambia hivyo hivyo. Bernadette pia. Baba amesema neno moja tu: nisiguse gazeti tena maisha yangu yote.

Nimeapa mbele yao wote. Sitagusa gazeti.

Ijumaa, tarehe 23 Machi

Nimefikiri vizuri. Kosa halikuwa kwenye kiatu. Ripoti iko wazi: starehe 9, kishindo 10. Kosa lilikuwa karatasi. Karatasi inalowa na kutoka. Kukimbia peku ni kutupa siku kumi na moja za sayansi.

Baba amelala mchana, ufunguo ukiwa shingoni. Niliuvua taratibu, nikafungua sanduku. Sikugusa magazeti. Nilitimiza kiapo, niliyasukuma kando kwa kiwiko. Chini yake nimepata kitu kizuri zaidi: kikwembe cha Mama cha Chama. Kitambaa kizito, kipya, hakitoi rangi. Na ule mviringo wa sura umekaa sawasawa na upana wa mguu wangu, kama vile mshonaji alinipima.

Nimekata miwili tu. Ile ya nyuma, mahali anapokalia, maana pale hakuna anayeangalia. Mama hatakivaa mpaka tarehe 20 ya mwezi wa tano, sikukuu ya Chama, na wakati huo nitakuwa Bukavu, ninasoma.

Nimevaa viatu ndani ya nyumba na kuzunguka meza mara sita. Mguu hautembei hata kidogo. Nimefunga kamba mara mbili. Kesho Komiseri atakaa karibu na mlingoti, mstari wa mbele.

Nimeangalia kila kiatu kwa taa. Hakuna gazeti hata chembe. Kwa mara ya kwanza tangu tarehe 5, nitalala.