Nyimbo Tisa Dhidi ya Miwani

Jumatano, tarehe 4 Machi
Balaa! Miwani naye anaachia albamu Ijumaa hii. Ijumaa yangu! Roki ya piano, nyimbo kumi na moja, kazirekodi chumbani kwake bila kampuni, kama mimi. Miaka minane tulikuwa bendi ya watu wawili, yeye kwenye piano, mimi naimba. Kisha tukagombana, na kosa lilikuwa lake. Huu mwaka wa pili hatusemeshani. Piano nimejifunza mwenyewe kwa hasira. Jalada la albamu yake nimelitazama mara sita tu. Zuri mno, linanikera.

Alhamisi, tarehe 5
Dawa yake nimeipata. Saluni ya dada ina simu sita za wasusi zinazoshinda mezani bila kazi. Nimemwomba kesho zote zicheze albamu yangu tangu asubuhi hadi jioni, sauti ya chini. Namba zitapanda zenyewe. Dada akauliza kama huo si udanganyifu. Nikamweleza kwamba ni matangazo. Akaguna, akaendelea kusuka.

Ijumaa, tarehe 6
Imetoka! Mama kasikiliza yote, akasema nyimbo ni fupi lakini zinaeleweka. Nimeshinda nje ya saluni kulinda mpango. Kupitia dirishani nikamwona mteja akitikisa kichwa kwa raha. Kumbe anatoa maji sikioni.

Jumamosi, tarehe 7
Aibu tupu. Nyimbo za Miwani zimechezwa mara mia nne na ushee. Zangu, sitini na tatu. Nimekimbilia saluni. Simu zote sita zinamwimba Miwani! Albamu yangu ni dakika ishirini na nane; ikiisha, simu inachagua yenyewe muziki unaofanana, na hakuna anayefanana nami kuliko yeye. Jana kutwa nimempigia debe mpinzani wangu! Dada alijua tangu saa nne asubuhi. Hakuzima kwa sababu wateja waliupenda.

Nimepiga hesabu ya zile sitini na tatu. Nyimbo tisa kwa simu sita, kisha mama. Basi. Hakuna mtu mwingine.

Jumapili, tarehe 8
Nimesikiliza albamu yake ili nipate kasoro. Sita za kwanza nimeandika makosa ukurasa mzima. Wa saba nikaweka kalamu chini. Unahusu watu wawili wanaopandisha piano ghorofa ya nne. Mmoja anapanda kinyumenyume, haoni kitu, anafuata tu sauti ya mwenzake wa chini: kushoto kidogo, ngazi nyingine, bado mbili. Aliyepanda kinyumenyume ni yeye. Sauti ni yangu. Nimelia. Nimemkumbuka sana, na hakuna mtu aliyewahi kuniamini namna ile.

Jumatatu, tarehe 9
Miwani kapiga simu! Jana kasikiliza zangu zote. Mkono wangu wa kushoto, alisema, unapiga kama unafukuzwa, lakini wimbo wa nne ameurudia mara tatu.

“Ndugu yangu, Jumamosi nina onyesho,” akasema. “Ule wa ngazi siwezi kuuimba peke yangu. Njoo tuuimbe.”

Neno “nakuja” lilikuwa mdomoni kabisa. Badala yake nikauliza jina langu litakaa wapi kwenye bango. Akasema chini ya lake, kwa kuwa onyesho ni lake. Nikamwambia nitamjibu.

Jumanne, tarehe 10
Nimemjibu kwamba Jumamosi nina shughuli. Akasema sawa, hatanisumbua tena. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma.

Dada aliniuliza, “Mdogo wangu, sasa umepata nini?” Nikamwambia mambo ya sanaa hawezi kuyaelewa.

Na shughuli ninayo kweli. Nimeanza albamu mpya, nyimbo mia mbili, isiishe kabla saluni haijafungwa. Wimbo wa kwanza umekuja wenyewe, na ni wa huzuni sana. Unahusu rafiki aliyenitupa.