Kulifikia Sikio la Huseni

Jumatatu, 5 Januari 1976

Ijumaa wanaandikisha darasa la kwanza! Mwalimu Kondo katutangazia leo kwenye kisomo cha akina mama. Vyeti vya kuzaliwa nani anavyo hapa kijijini? Kwa hiyo kipimo ni kile kile: mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, anagusa sikio la kushoto. Akigusa, ana miaka saba. Asipogusa, arudi nyumbani akacheze.

Nimerudi mbio. Nimemsimamisha Huseni mlangoni, nikamwambia pitisha mkono, baba. Kapitisha. Vidole vimeishia juu ya sikio, umebaki upana wa kidole gumba. Na saba kashatimiza! Nimemzaa mimi, najua mimi. Tatizo si umri. Tatizo ni kichwa. Kichwa cha ukoo wa baba yake. Bakary mwenyewe kofia zake zinashonwa kwa kupimwa.

Na Klementi, mtoto wa Skolastika nyumba ya pili, anagusa. Skolastika kamwita aguse mbele yangu. Kisha aguse tena, kama mtu anayejaribu kengele ya baiskeli. Klementi na Huseni wamezaliwa wiki moja, hospitali moja kule Kivinje, vitanda vimepakana. Tangu siku ile yule mwanamke ananishindania. Wa kwake alilia kwa sauti zaidi. Wa kwake aliota jino kwanza. Sasa sikio.

Bakary kasema mbona jambo jepesi: mwombe Mama Klementi akamwambie mwalimu kwamba hawa wamezaliwa pamoja. Nimemuuliza kama ana homa. Nikampigie magoti Skolastika? Bora mkono urefuke.

Basi, nimeandika vya kutosha. Mwalimu alisema tuandike mambo yetu kila siku, herufi zisitukimbie. Zangu hazikimbii. Zinachechemea tu.

Jumanne, 6 Januari

Mafuta ya nazi! Nimeukanda mkono wa Huseni asubuhi, adhuhuri na jioni, nauvuta polepole kama anavyonyooshwa mtoto mchanga. Kidawa, mdogo wake wa miaka mitano, naye kataka. Nikampaka ili anyamaze. Siku nzima wamekaa kibarazani wote wawili, mikono juu ya vichwa, kama mateka.

Leo ilikuwa zamu yangu kupalilia shamba la kijiji. Nilituma salamu kwamba tumbo linanikata. Skolastika kapita na jembe begani, kasimama, kanusa. Kaniuliza, Mama Huseni mwenzangu, tumbo lako mbona linanukia vitumbua? Nilifunga mlango kwa adabu. Bawaba moja imeng'oka.

Jumatano, 7 Januari

Huseni ndiye kaniamsha. Kauliza kama mkono umekua usiku. Tumepima. Wapi! Kasema labda umekua wa kushoto. Tumepima na wa kushoto. Masikini mwanangu.

Nimeona mafuta matupu hayatoshi, panatakiwa mvuto. Nimemwambia aning'inie kwa mkono mmoja kwenye tawi la mkorosho. Tawi limevuka upande wa Skolastika. Hilo si kosa langu, mkorosho ulikuwepo kabla hawajatupimia viwanja. Likakatika. Huseni katua katikati ya mkeka wa makopa ya Skolastika! Mzima, alhamdulillahi. Makopa nayo mazima, ni makavu kuliko kuni.

Skolastika katoka, kashika kiuno. Kasema: mimi naanika mihogo, mwenzangu unaanika watoto? Nyumba kumi zote zimecheka. Balozi wa nyumba hizo kacheka. Bakary, mume wangu wa ndoa, kacheka mpaka kakaa chini, kisha karudia ushauri wake ule ule. Nimempa ugali bila mboga.

Jioni Skolastika kamletea Huseni ndizi mbivu, ati kwa kuwa alianguka vibaya. Ujanja huo. Niliikagua ndizi pande zote kabla ya kumruhusu ale.

Alhamisi, 8 Januari

Akili imenijia! Mkono ukikataa kurefuka, kichwa kipungue. Nywele! Bakary kamnyoa kipara kwa wembe. Matokeo: kichwa kimezidi. Kumbe nywele ndizo zilikuwa zikikisitiri. Bakary kakitazama kwa muda, kasema kwa fahari kwamba hicho ni cha babu yake Likwata kabisa, hakijapungua hata kidogo.

Lakini vidole sasa vinafika ukingoni mwa sikio! Akiinamisha shingo kidogo, anagusa. Tumefanya mazoezi ya kuinamisha bila kuonekana. Anaonekana.

Kidawa hainamishi chochote. Anapitisha mkono, analishika sikio, analikunja, analivuta. Hicho ni kichwa cha kwetu, kidogo, cha heshima. Nimemwambia aache kujionyesha.

Ijumaa, 9 Januari

Sijui nianzie wapi.

Alfajiri nilimpaka Huseni mafuta kwa mara ya mwisho. Kichwa, mkono, masikio, ang'ae mbele za watu. Tukapanga foleni shuleni. Klementi kagusa, kaandikwa, mama yake kashangilia peke yake. Zamu ya Huseni. Mwalimu Kondo kamnyoosha kichwa kwa vidole viwili. Basi, kuinama hakuna tena. Huseni kapitisha mkono, kafumba macho, kajivuta. Kagusa! Wallahi kagusa! Kisha vidole vikateleza. Mafuta. Kajaribu tena, mkono ukaserereka mpaka shingoni. Mwalimu kajifuta vidole kwenye suruali, kasema arudi mwakani.

Huseni hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisogea pembeni tu, mkono bado uko juu ya kichwa, kama aliyesahau kuushusha.

Mara Kidawa, ambaye nilikwenda naye kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu, kajipenyeza mbele. Kapitisha mkono, kalishika sikio, kalivuta. Mwalimu kacheka, kachukua kalamu. Kaniuliza jina. Nikamtajia. Kauliza kama ana saba. Sikusema uongo. Nilikohoa. Mmoja shuleni si haba.

Ndipo nikasikia nyuma: Mwalimu, ngoja kwanza! Skolastika! Kaja mbele bila kuitwa. Kasema huyo wa kike ana mitano, asimdanganye mtu. Mwenye saba ni huyo kipara. Kasema yeye alilala kitanda kilichopakana na changu siku huyo anazaliwa, na kwamba kichwa hicho hicho kilimtesa mama yake siku mbili nzima, wodi yote haikulala kwa mayowe, kama mwalimu hasadiki awaulize manesi wa Kivinje. Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwalimu kamfuta Kidawa, kamwandika Huseni.

Huseni kashusha mkono.

Lakini jamani! Kanitolea mtoto mbele za watu! Nilikuwa naye mmoja ndani, tayari keshaandikwa! Na mayowe yangu ya uzazi kayatangaza mpaka kwa wanaume. Nimemwambia Bakary yule mwanamke ana wivu. Bakary kauliza, lakini si Huseni kaingia? Nimemjibu kaingia kwa mafuta. Alipogusa mara ya kwanza mwalimu aliona vizuri sana.

Jumatatu, 12 Januari

Huseni kaenda shule. Kaptura mpya, kijembe cha shule begani, kashikana mkono na Klementi. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilisimama njiani mpaka kile kipara kikapotea kwenye mikorosho. Nimelia kidogo. Ni moshi, ingawa jiko sikuwa nimeliwasha. Skolastika naye alikuwa akilia upande wake. Kwa sauti zaidi, kama kawaida.

Kidawa kakaa kizingitini, mkono juu ya kichwa, anataka shule.

Baadaye Skolastika kapita kuazima kinu. Kanipa habari: kamsikia mwalimu akisema mkono unadanganya, mwakani ataangalia na meno. Aliyeng'oka meno ya mbele ndiye wa darasa la kwanza. Kasema nisiwe na wasiwasi, siku ya Kidawa ikifika atamsemea na yeye. Atamsemea! Kisha, akiwa mlangoni, katupia kwamba Justa wake, rika moja na Kidawa, jino la mbele limeshaanza kucheza.

Bakary kasema mara hii nimshukuru tu mwanamke wa watu, nitulie, mtoto akue. Sawa. Kinu nimemwazima.

Alipoondoka nimelitikisa jino la Kidawa. Limekaza kama msumari.

Lakini uzi ninao.